Sheria za Kukataza Pombe: Zaweza Nini, Haziwezi Nini?



Sisi tunaokaa katika dayosisi ya Butembo-Beni tumezoea kusikia amri juu ya pombe. Mara yatangazwa redioni, mara yasomwa na shefu wa mtaa, mara yabandikwa ukutani karibu na soko: kuanzia leo ni marufuku kuuza lotoko, kuanzia leo buveti zisifunguliwe kabla ya saa fulani, kuanzia leo atakayekutwa na vifuko vya pombe kali atatozwa faini. Watu husoma, hutikisa vichwa, huenda zao. Kwa wiki mbili tatu mji hutulia. Kisha chupa zarudi mezani, na vijana wa pikipiki waonekana tena saa tatu ya asubuhi wakiwa na macho mekundu. Baada ya miezi kadhaa yatoka amri nyingine yenye maneno yaleyale.

Hatuandiki haya ili kuwacheka wakubwa wetu. Anayekataza ulevi ataka jambo jema, na Mkristu ana wajibu wa kutii sheria ya haki. Wala hatuandiki kuutetea ulevi. Tumezika waume waliokufa na ini lililooza, tumewapokea watoto waliokimbia nyumbani usiku, tumewaona wake wakija Misa na uso uliovimba. Ulevi ni adui wa nyumba zetu. Lakini adui hupigwa na silaha inayomfaa. Basi twataka kuuliza pamoja nanyi: sheria ya kukataza kuuza pombe yaweza nini, na haiwezi nini? Na kwa nini hapa kwetu, kati ya Butembo na Beni, miji iliyotengana kwa kilomita 54 tu, amri hizi zatoka mara nyingi hivi na kushika kidogo hivi?

Pombe ya wazee na pombe ya pipa

Kwanza tutenganishe mambo. Neno "pombe" lafunika vitu viwili ambavyo babu zetu wasingeviweka pamoja.

Kiko kinywaji cha ndizi, kasikisi. Ndizi zaivishwa kwa siku kadhaa, zakamuliwa kwa nyasi, maji yake yachanganywa na unga wa mtama uliokaangwa, kisha yaachwa mpaka yachachuke. Wazee waliinywa kwa utaratibu. Ilikuwako siku ya posa, wakati wa kuzungumza juu ya mbuzi wa mahari. Ilikuwako jioni baada ya majirani kusaidiana kulima. Ilikuwako kwenye matanga. Kijana hakujikaribisha mwenyewe. Tena kasikisi ina sheria yake ya ndani: ikikaa siku chache huwa chachu isiyonyweka. Huwezi kuiweka akiba, huwezi kuipeleka mbali, huwezi kutajirika nayo. Ndizi zikiisha, kunywa kumekwisha.

Kiko na kinywaji cha pipa, ambacho Kongo nzima yakiita lotoko. Mahindi na mihogo vyasagwa, vyachachushwa, vyachemshwa ndani ya pipa la chuma. Mvuke wapita katika bomba lililopozwa kwa maji, nao wadondoka tone kwa tone. Kinywaji hiki hakiharibiki. Chaweza kukaa mwezi, chaweza kusafiri ndani ya bidoni juu ya baiskeli, na kikombe kidogo chatosha kumwangusha mwanamume. Hakuna ajuaye ukali wake, hata yeye aliyekipika. Na mahindi yaliyoingia pipani ni bugali ambao watoto hawataula.

Kwa hiyo mtu akisema, "Babu zetu walikunywa, mbona sisi tukatazwe?" tumjibu kwa upole kwamba babu zetu hawakunywa kitu hiki, wala hawakunywa saa hizi. Lakini naye akituuliza kwa nini sheria yatoa sauti moja kwa kasikisi na lotoko, twapaswa kukiri kwamba ana haki ya kuuliza.

Sheria iliyotazama rangi

Sheria ya kukataza pombe ni ya zamani katika nchi hii, na yafaa kuijua historia yake, kwa maana imeacha kovu.

Mwaka wa 1888 Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, alizunguka Ulaya akiwalilia watu juu ya biashara ya watumwa. Kilio chake kilisaidia kuukusanya mkutano wa Bruxelles, na tarehe 2 Julai 1890 wajumbe wa dola 17 walitia sahihi mkataba. Mkataba ule ulipigana na utumwa; ulizuia bunduki; tena ulikuwa na sehemu nzima juu ya pombe kali. Katika sehemu kubwa ya Afrika, tangu digrii 20 kaskazini mpaka digrii 22 kusini, mahali ambapo pombe kali ilikuwa haijafika, ilikatazwa kuingizwa na kutengenezwa. Kongo ya mfalme Leopold wa Pili ilikuwa ndani ya eneo hilo. Tarehe 10 Septemba 1919, huko Saint-Germain-en-Laye, mataifa yalifanya mkataba mwingine wa namna hiyo.

Jambo lenyewe lilikuwa jema. Wafanyabiashara walikuwa wamekwisha kuharibu pwani ya magharibi kwa mapipa ya pombe ya bei rahisi, na bila makatazo haya maovu yangalifika mpaka milimani kwetu mapema zaidi. Lakini katika mikataba yote miwili uliachwa mlango mdogo: wasio wenyeji wa nchi waliweza kuletewa kiasi chao. Hapo ndipo kosa lilipoingia. Mzungu aliketi barazani na chupa yake, na hapakuwa na neno. Mwenyeji, hata kama alikuwa mwalimu au karani mwenye adabu kumpita yule wa barazani, akikutwa na chupa ileile alikuwa mhalifu. Bia iliruhusiwa, na Primus ilianza kutengenezwa Léopoldville mwaka wa 1926. Lakini pombe kali za dukani zilibaki za rangi moja mpaka miaka ya 1950. Katika nchi za Waingereza jirani zetu mambo yalikuwa karibu yaleyale.

Sheria ile iliwafundisha watu nini? Haikuwafundisha kwamba ulevi ni mbaya. Iliwafundisha kwamba chupa ni heshima. Kilichokatazwa kwa mtumishi na kuruhusiwa kwa bwana chageuka kuwa alama ya ubwana. Basi uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, wengi waliona kuwa kununua chupa mbele ya watu ni kuonyesha kwamba wamekuwa watu kamili. Mpaka leo, mgeni mkubwa akifika twamletea kreti. Na mtu akipata fedha, hajulikani kuwa amezipata mpaka meza yake ijae chupa.

Funzo la kwanza ni hili: sheria ya pombe isiyowahusu watu wote sawasawa haiondoi kiu. Yaongeza.

Walivyojaribu jirani zetu

Pili, tutazame majirani. Uganda, ng'ambo ya Kasindi, ilitunga mwaka wa 1965 sheria juu ya enguli, ambayo ni ndugu ya lotoko yetu. Mtu wa kijijini hakuruhusiwa tena kupika bila kibali, na mwaka huohuo ikaanza kuuzwa ile iitwayo Uganda Waragi, iliyosafishwa kiwandani. Je, mapipa ya vijijini yalizimika? Hayakuzimika. Mpaka leo enguli yapikwa.

Kenya ilitunga sheria ya kukataza chang'aa mwaka wa 1980. Kwa miaka 30 polisi walimwaga, walivunja, walikamata. Nao wapikaji walihamia mabondeni na mitoni. Mwaka wa 2010 Wakenya wenyewe walifuta sheria ile na kutunga nyingine, iliyoruhusu kinywaji hicho kikitengenezwa kwa usafi, kikiwekwa katika chupa yenye kipimo, na kuuzwa kwa saa zilizowekwa. Hata hivyo hatari haikwisha. Mwezi wa Mei 2014 makumi ya Wakenya walikufa, na wengine walipofuka macho, kwa kunywa pombe iliyotiwa methanoli, kileo cha viwandani kisichofaa kunywewa na binadamu.

Na tusidhani kwamba ni Waafrika tu wanaoshindwa. Marekani yote ilikataza kutengeneza na kuuza vileo tangu mwaka wa 1920 mpaka mwaka wa 1933. Divai ya Misa iliruhusiwa, lakini sehemu kubwa ya vileo vingine ilikuwa marufuku. Magenge yalitajirika, askari walinunuliwa, watu walikufa kwa pombe ya sumu, na mwisho taifa lile lenye nguvu liliirudisha katiba yake nyuma.

Lakini yako makatazo yaliyofaulu vizuri zaidi, nayo yastahili kutajwa. Tanzania ilikataza vile vifuko vya plastiki vya pombe kali, walivyoviita viroba, tangu tarehe 1 Machi 2017. Uganda ilifanya hivyo mwaka wa 2019. Kifuko kile kilikuwa kitu kibaya hasa: bei yake ilikuwa ndogo kama ya peremende, mwanafunzi aliweza kukificha ndani ya daftari, dereva aliweza kukinywa huku ameshika usukani. Sheria haikumwambia mtu, "Usinywe kamwe." Ilisema, "Kitu hiki, kwa umbo hili, kisiuzwe." Kiwanda kinaonekana, lori linaonekana, mpaka unaonekana, basi sheria ilipata pa kushika.

Nchi yetu nayo, kwa amri ya tarehe 30 Desemba 2017, ilikataza vifuko vya plastiki kwa jumla. Lakini sisi tulio karibu na njia ya Kasindi twajua yale yapitayo humo: sabuni, mafuta, simenti, na kati yake pombe kali za kila namna. Kifuko kikiondoka, chaja kichupa kidogo cha plastiki, na mtoto hukificha vilevile. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ila ufa wetu uko mpakani, na sisi twapaka chokaa jikoni kwa mama mjane.

Mama wa pipa

Hapo ndipo tulipotaka kufika. Wakati wa kutunga sheria, watu humfikiri mnywaji. Ni wachache wanaomfikiri muuzaji.

Katika mtaa mmoja wa Butembo twamjua mama mmoja mjane. Jina lake hatutalitaja. Mume wake aliuawa njiani katika miaka ile ambayo vijiji vya Beni vilianza kuchinjwa, tangu Oktoba 2014, naye akakimbia na watoto watano, akaacha shamba la kakao lililokuwa limeanza kuzaa. Mjini hakuwa na shamba. Alijaribu kuuza mboga. Mtaji ulikuwa mdogo, mboga zilinyauka kabla ya kuuzwa. Jirani mmoja akamwonyesha pipa. Kwa pipa lile alilipa pango la nyumba, na hasa alilipa minervali, maana wakati ule mtoto asiyelipa alirudishwa nyumbani hata akiwa wa shule ya msingi.

Yeye mwenyewe hanywi. Ni mwanamke wa sala. Alipoulizwa na katekista kama haoni vibaya kuuza kitu kinachovunja nyumba za wengine, alilia, akasema, "Naona vibaya kila siku. Lakini nikizima moto huu, watoto wangu wasome kwa nini?"

Mara mbili walikuja watu wenye sare, wakalipasua pipa na kutoza faini isiyo na risiti. Mara zote mbili alikopa fedha, akanunua pipa jingine, na kwa kuwa sasa alikuwa na deni, alipika mara mbili zaidi kuliko kwanza, tena usiku. Tazameni jinsi amri ilivyofanya kazi: iliongeza lotoko mtaani.

Kisha likatokea jambo. Mwezi wa Septemba 2019 serikali ilianza kutekeleza elimu ya bure katika shule za msingi za umma, jambo lililokuwa limeandikwa katika katiba tangu mwaka wa 2006, kifungu cha 43. Tunajua shida zote zilizofuata: madarasa yalijaa, walimu walinung'unika juu ya mshahara. Lakini mama huyu alikuwa na watoto watatu katika shule ya msingi. Muhula ule alipika mara moja kwa mwezi, baadaye hakupika kabisa kwa miezi mingi. Hakuna askari aliyekuja. Sheria iliyomtoa kwenye pipa haikuwa na neno "pombe" ndani yake.

Hadithi haikuishia hapo, na tusiipambe. Mtoto wake wa kwanza alipoingia sekondari, ambako karo yadaiwa bado, moshi ulionekana tena nyuma ya nyumba. Basi akina mama wa namna hii si wachache kati ya Butembo na Beni, vita vimewaongeza. Anayetaka kuzima mapipa yao na ajue kwanza yawaka kwa kuni gani.

Amri zinazosikilizwa

Je, twasema sheria zote za pombe ni bure? Hapana. Hata katika miji yetu tumeziona zinazosikilizwa.

Tarehe 27 Juni 2021, siku ya Dominika, bomu lililipuka katika kanisa katoliki la Emmanuel Butsili mjini Beni, na siku hiyohiyo mtu mwingine alijilipua karibu na baa. Tarehe 25 Desemba mwaka huohuo, sikukuu ya Noeli, bomu lililipuka kwenye mkahawa uliojaa watu waliokuwa wakisherehekea. Kati ya waliokufa walikuwamo watoto. Wakati wa hatari kama hiyo, wakubwa walipowaambia watu wasikae nje usiku na wasikusanyike kwenye buveti, wengi walitii bila kusukumwa. Kwa nini? Kwa sababu kila mtu aliiona sababu kwa macho yake, na amri ilimshika tajiri kama ilivyomshika maskini.

Kinyume chake, mwaka wa 2020, kwa ajili ya ugonjwa wa korona, buveti zote za nchi zilifungwa tangu mwezi wa Machi mpaka mwezi wa Julai. Sisi tulikuwa tumekwisha kuteswa na Ebola tangu Agosti 2018, nasi tulijua maana ya kunawa mikono na kukaa mbali. Lakini amri hii ya korona wengi hawakuona sababu yake katika mitaa yao. Wanywaji walihamia vyumba vya nyuma, madirisha yamefungwa, wakibanana kuliko walivyobanana mezani. Wengine walioketi humo walikuwa watu waliopaswa kuisimamia amri.

Kwa hiyo, kwa maoni yetu, sheria yaweza mambo manne, na ikiyafanya hayo barabara tutaishukuru.

Kwanza, yaweza kumlinda mtoto. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto ipo. Muuzaji anayempa mwanafunzi pombe hana cha kujitetea, hata awe mjane. Na akina mama wa pipa wenyewe wakubali hili, maana wana watoto.

Pili, yaweza kuzuia sumu na vifuko. Kazi hii ni ya mpakani na kwenye maghala, kwa wale walio na malori. Huko ndiko ushujaa wa wakubwa utaonekana.

Tatu, yaweza kuweka saa na mahali. Buveti isiwe ukutani mwa shule, wala ya hospitali, wala ya kanisa. Na asubuhi iwe ya kazi.

Nne, yaweza kuwa sawa kwa wote. Faini iwe na risiti. Mkubwa anayekunywa saa sita ya mchana asimkamate mdogo anayekunywa saa sita ya mchana. Bila hili la nne, yale matatu ya kwanza yataanguka.

Lakini sheria haiwezi kumpa mtu sababu ya kurudi nyumbani akiwa na akili zake. Haiwezi kumpa mjane kazi nyingine. Hayo yahitaji mikono ya watu.

Kazi yetu Wakristu

Imani yetu haijapata kusema kwamba divai ni dhambi. Bwana wetu alifanya mwujiza wake wa kwanza arusini Kana, akageuza maji kuwa divai, tena njema kuliko ile ya kwanza. Yoshua bin Sira aisifu divai inayonywewa kwa kiasi. Mtume Paulo alimshauri Timoteo anywe kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Lakini Paulo huyohuyo aliwakataza Waefeso kulewa, na Maandiko hayakuficha aibu ya Noa hemani mwake. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, yatufundisha fadhila ya kiasi, na yasema kwamba anayehatarisha maisha ya wengine njiani kwa ulevi ana hatia kubwa. Vijana wetu wa pikipiki wanaobeba mama na mtoto kwenye barabara ya Butembo na Beni waisikie namba hiyo.

Kiasi hakifundishwi na askari. Mwaka wa 1838 Padri Theobald Mathew, Mkapuchini wa Ireland, alianza huko Cork kuwakusanya watu waweke ahadi ya kuacha pombe. Wengi sana walikuja, kwa sababu waliahidi pamoja na jirani zao na kusaidiana kuitunza. Na mji wa Dublin ulikuwa na kibarua mmoja, Matt Talbot, aliyezaliwa mwaka wa 1856 na kuzoea pombe tangu utoto. Mwaka wa 1884 aliweka ahadi, kwanza ya miezi mitatu tu. Aliiongeza, akaishika mpaka kufa kwake mwaka wa 1925. Kanisa limemtangaza kuwa Mheshimiwa. Hakufungwa gerezani, alipata padri wa kumsikiliza, na Misa ya kila asubuhi mahali pa glasi ya kila jioni.

Hapa kwetu tuna Jumuiya ndogo za Kikristu karibu katika kila mtaa na kila kijiji. Zaweza mambo ambayo meya hawezi. Jumuiya yajua ni nyumba gani inayopika, na yajua kwa nini. Yaweza kumwingiza mama wa pipa katika likelemba, ili zamu yake ya kupokea fedha iangukie mwezi wa kulipa karo. Yaweza kumtafutia kipande cha ardhi cha kukodi alime viazi au maharagwe, au mtaji wa kuanza kutengeneza sabuni. Yaweza kumwambia: tukikusaidia muhula huu, uzime pipa muhula huu. Na kama ahadi ya Matt Talbot, ianze na miezi mitatu.

Yaweza pia kubadili desturi za sikukuu. Katika nyumba nyingi Komunyo ya kwanza ya mtoto imekuwa siku ya kreti za bia kwa baba na wajomba, na mtoto aliyempokea Yesu asubuhi awaona wazee wake wameanguka jioni. Maji ya mananasi na ya marakuja yapo tele katika nchi hii. Familia tano za mtaa mmoja zikikubaliana, ya sita haitaona haya.

Na mtu asiseme kwamba sisi hatuwezi kitu bila serikali. Watu wa Butembo ndio wa mwisho kusema hivyo. Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeichunga dayosisi hii tangu mwaka wa 1966 mpaka mwaka wa 1997, aliwahimiza watu kutengeneza barabara zao wenyewe, nao walizitengeneza. Chuo Kikuu Katoliki cha Graben kilianzishwa mwaka wa 1989 wakati ambapo nchi ilikuwa ikidhoofika. Watu walioweza kuchimba barabara ya mlimani hawawezi kushindwa kumtoa mjane mmoja kwenye pipa lake.

Basi, ndugu wasomaji, amri ijayo itakapobandikwa ukutani, tuitii. Lakini siku hiyohiyo kila Jumuiya ikae na kujiuliza: katika mtaa wetu ni nani atakayekosa chakula kwa sababu ya amri hii, nasi tutamfanyia nini kabla ya mwisho wa juma? Tukiwa na jibu, amri itakuwa na miguu. Tusipokuwa na jibu, baada ya wiki tatu moshi utapanda tena nyuma ya nyumba, na hatutakuwa na haki ya kumlaumu yeye peke yake aliyeuwasha.

Mama Maria, aliyeona kule Kana kwamba watu wamepungukiwa kabla wao wenyewe hawajasema, atuombee tuwe na macho kama yake.